Sarafu ya Lifti

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo isemwavyo.
Zviadi aliniuliza.
Aliketi ukingoni mwa kitanda, jasho la ngazi shingoni,
daftari gotini: "Bibi Nanuli, wataka nini?"

Saratani imeshahamia uti wa mgongo na nyonga,
mpangaji asiyelipa.
Hata daktari ameacha kunidanganya.
Nikasema: nataka kushuka mwenyewe, ninunue mkate.

Hapa Tbilisi, katika jumba letu kuukuu,
lifti hula sarafu.
Toka kitandani hadi kwenye tundu lake
ni hatua thelathini na moja.
Nilifundisha hisabati; siwezi kuacha kuhesabu.

Tukaanza na kiti.
Inuka, kaa. Inuka, kaa. Inu—
magoti yakagoma.
"Mbili," akaandika, kana kwamba ni mia.
Jumanne, mkanda kiunoni,
mkono wake nyuma yangu: haunigusi, upo tu.
Ijumaa nilitapika, hatukufanya kitu.
Hilo nalo akaliandika.

Binti yangu Lamara hunong'ona jikoni:
ya nini kumsumbua mtu anayekufa?
Nasikia. Masikio hayajaugua.
Ya nini? Sijafa bado, mwanangu, ndiyo maana.

Leo, hatua thelathini na moja,
na vituo viwili vya kuegemea ukuta.
Nikatumbukiza sarafu.
Lifti ikaitema.

Tukacheka hadi mbavu zikaniuma,
maumivu ya kawaida, ya watu wote.
Zviadi akaanza kupapasa mifuko yake.
Mimi nilikuwa nimesimama.