Kharti

Stavro, fundi wa meli iliyokwama Kilindini siku tisa,
alinifunza neno moja akisubiri mhuri wangu:
kharti.
Akaigonga fomu kwa kidole chenye grisi.
Nikalirudia. Khari... kharit... ulimi ukateleza
kama kandambili kwenye ngazi za Mlango wa Papa.

Usiku nikafungua kamusi ya kuazima.
Yunani ya kale: khartes. Uarabuni: kirtasi.
Kisha pwani hii,
karatasi.
Kumbe nimejitafuna ulimi kwa neno la nyumbani,
neno nililochapiwa darasa la kwanza
kwa kulichana.

Na kabla ya Yunani? Kamusi ikaguna:
asili haijulikani; labda Misri, kwenye mafunjo.
Labda.
Neno halina cheti cha kuzaliwa,
na vyeti vyote vimeandikwa juu yake.

Nikamweleza Mwanasiti, aliyekuwa akifunga kaimati
kwa ukurasa wa hesabu wa mtoto wa watu.
Mafuta yameshapenya; saba mara nane
inasomeka upande wa pili, kinyume.
"Hao Wayunani," akasema, "hawali vitu vikiwa moto?
Shika. Na karatasi usiitupe."