Bata wa Soya

Siku ya arobaini na tisa ya baba
nimeamka saa tisa usiku kumpika bata asiye bata.
Huế yote imelala. Maziwa ya soya yanatokota
na utando unajikunja juu yake, ngozi ya kizee.
Nauopoa kwa kijiti, nautandaza,
mmoja juu ya mwingine, saba, kumi, kumi na mbili,
nakandamiza, nafunga kwa uzi,
kisha nachoma kwa sindano
vitundu vidogo vidogo
pale ambapo manyoya yangeng'oka.

Mtawa Diệu Khiêm ameingia na kuni.
Anatazama. Anazitua kuni polepole.
"Nani alikufunza vitundu hivi?"

Nani tena.
Miaka kumi na minane nilishika miguu, baba akashika kisu.
Najua maji yakizidi moto ngozi huchanika,
yakipoa, manyoya hugoma.
Najua shingo inavyolegea,
na kwamba chini ya bawa la kushoto
kuna joto linalochelewa kuondoka.

Hakuwa katili, baba.
Aliwaziba macho kwa kiganja wasiwaone wenzao.
"Samahani," alimwambia kila mmoja,
kwa sauti ya mtu anayepita mbele ya watu waliokaa.
Siku ya mwezi mpevu alikula wali na chumvi ya ufuta;
kesho yake, kisu kile kile, samahani ile ile.
Ada yangu ya shule ilinuka manyoya mabichi.

Namuuliza mtawa:
je, si vibaya kuigiza mzoga
kwa ajili ya mtu tunayemwombea asizaliwe bata?
Anakata kipande, anaonja, anafumba macho.
"Ongeza pilipili manga," anasema,
na kwenda kufagia ua.

Wageni wamekuja, mvua imekuja nao.
Ami Toại, mdogo wake baba, meno matano kinywani,
anachukua bawa kabla uvumba haujaisha.
Anatafuna. Anacheka: "Hii ngozi ni ya kaka!"
Anatafuna tena, sasa taratibu,
ulimi wake ukitafuta mfupa.

Sijamwambia mtu
kwamba chini ya bawa la kushoto
nilificha mbegu moja ya yungiyungi,
nzima, laini, bado ya moto.

Ami ameacha kutafuna.
Ananitazama, shavu limetuna,
hatemi, hamezi.