Kisanduku cha Thelathini

Kazi yangu ni kuandika vikaratasi.
Maneno arobaini kwa kila kitu, yasizidi,
maana mgeni, asema mkuu wetu Bwana Shemhilu,
husimama mbele ya kioo muda wa chafya mbili.
Nimeshaandika kengele ya stesheni,
mizani ya forodhani iliyopunja upande mmoja,
baiskeli ya tarishi isiyo na breki,
kufuli la jela bila ufunguo,
na funguo kumi na moja bila kufuli.
Nimeandika picha ya watu sita wamekaa vitini
na watu thelathini wamesimama nyuma yao.
Sita wana majina.

Jumanne, kabla ya adhuhuri, akaingia Bi Mashavu Ntakije
wa Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani.
Akalipa kiingilio, ingawa nilimwambia wazee hawalipi.
"Sikuja kutembea," akasema.
Akafungua fundo la kanga, ndani ya kanga rambo,
ndani ya rambo bahasha ya kliniki,
ndani ya bahasha, kipande.

Kipande cha mkonge, shamba la Kwemsanja.
Kadi iliyokuwa nyekundu, sasa rangi ya ini la kuchemsha.
Juu namba. Chini ya namba, dole gumba la zambarau.
Katikati visanduku thelathini:
kila kimoja siku ya kukata, kufunga matita, kuyabeba hadi relini,
na kila siku iliyotimia, alama ya penseli ya mnyapara.
Nikahesabu. Nikarudia kwa ncha ya kalamu.
Ishirini na tisa.

"Baba aliletwa na treni kutoka kwao Kasulu. Manamba.
Siku ya thelathini mwiba ukamwingia jichoni
saa mbili asubuhi, fungu halijafika nusu.
Akalazwa mpaka muda wa kadi ukapita.
Kadi iliyopitwa, karani akamwambia, ni karatasi."

Nikatoa fomu. Fomu ina mistari yake:
jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, mwaka, thamani.
Hapo kwenye thamani akanishika mkono.
"Andika: mshahara wa mwezi mmoja."
Nikamweleza, kwa upole wa ofisini,
kwamba thamani hapa ni ya kihistoria.
"Mwanangu, historia haikulala na njaa mwezi ule.
Tulilala sisi."
Na pale palipoandikwa *Mtoaji* akakataa kutia sahihi.
"Sitoi. Nakiweka.
Akitokea mwenye deni, mwambieni hakikupotea."

Tanga, waja leo waondoka leo:
tumeuchapa msemo huu kwenye fulana za mlangoni.
Ntakije alikuja leo.
Kaburi lake liko nyuma ya korona,
ile ya kusaga mkonge, si ile ya juzi,
na leo yake haijaisha.

Nikaandika kikaratasi, nikatia neno *deni*.
Bwana Shemhilu akalipitisha wino mwekundu.
"Neno zito. Weka *kumbukumbu*."
Nikahesabu: kwa *deni*, maneno thelathini na tisa.
Kwa *kumbukumbu*, thelathini na tisa.
Basi hatukuwa tunagombania nafasi.
Nikarudisha *deni*. Akakata. Nikarudisha.
Hana haraka, nami sina;
kikaratasi kimo kwenye droo yake, chini ya risiti za umeme,
na kipande kimekaa kiooni bila neno.

Ajabu, wageni hapo wanapitisha chafya mbili.
Wanainama. Midomo inachezacheza, wanahesabu.
Alhamisi walikuja wanafunzi wa Chumbageni, arobaini na kitu,
na mmoja, soksi zimemshuka, akamuuliza mwalimu,
"Hapa mbona pameachwa?"
Mwalimu akatazama ukutani kutafuta maelezo,
kisha akanitazama mimi.

Jioni nafuta vioo kwa gazeti na siki.
Vioo vingine vina vumbi tu.
Kile kina alama za vidole,
vidogo, vikubwa, vya mafuta ya kachori,
vyote mahali pamoja,
juu ya kile kitupu.