Faili la Vitumbua

Faili letu la kwanza,
Jumatatu tulianza;
karani, mimi, natunza
yote yaliyotukia.

Nyumba yetu Ngamiani,
Kumi na Saba, konani,
mlango wake kijani,
bawaba zalialia.

Mama hupika usiku
thelathini kila siku,
havigusi hata kuku,
kawa amefunikia.

Kukicha akihesabu,
viwili havina jibu.
"Jamani, hii taabu!"
na jirani husikia.

Dada yangu, Mwanapili,
umri kumi kamili,
kavaa miwani mbili,
cheo akajitungia.

Alisema, "Huyu mwizi
aijua hii kazi;
hajaacha hata uzi,
humu ndani hulalia."

Wa kwanza, Mjomba Hoza,
tumbo lake lajikuza;
maswali akayameza,
halafu akasinzia.

Naye Bibi, kwa kiapo:
"Nionyesheni lilipo
jino langu, kama lipo,
mje kunisingizia!"

Paka naye kahojiwa,
akahongwa kwa maziwa,
mwisho akafunguliwa;
"nyau" moja kaachia.

Ijumaa tulichoka;
sembe chini tukapaka:
unyayo ukiandika
ndipo tutautambua.

Nyuma ya rundo la nazi
tukazibana pumzi;
mbu wakaipata kazi,
kutupima malaria.

Saa nane, mara: kwii!
Kivuli hakitulii,
moyo wangu hautii,
kawa kikaifunua.

Tochi ikapanda juu:
unga, vidole, mguu,
halafu, Mungu Mkuu,
Baba katukodolea!

Kimoja ki mdomoni,
cha pili ki kiganjani,
unga hadi magotini,
kama jini katokea.

Mwaka jana, kule Bombo,
walimwonya bila fumbo:
"Chunga sana lako tumbo,
sukari itakuua."

"Wapelelezi wanangu,
nihifadhini kwa Mungu;
hii hapa rushwa yangu,
Mama asije kujua."

Sheria tukaipima,
njaa nayo ikasema,
"Rushwa ya nyumbani njema."
Tukala… tukatulia.

Havikuwa na sukari!
Iliki, nazi, tayari,
ila utamu, kwaheri;
ulimi ulishangaa.

Baba atafuna chake,
macho kayafumba yake:
"Mama yenu, pishi lake!
Sukari imezidia."

Nikafungua mdomo,
Dada katia kikomo:
kiwiko chenye kipimo
ubavuni kikatua.

Kesho yake, dirishani,
tukaona bakulini
unga kidogo pembeni
Mama ameubagua.

Viwili, bila sukari,
juu kabisa, dhahiri,
akavipanga kwa siri,
mwizi wake kumwachia.

Na ile "Hii taabu!"
ya kila siku hesabu
ni mchezo wa tabibu,
wizi upate nogea.

Bila nyuma kugeuka,
"Nyie polisi," kacheka,
"sembe yangu kumwagika,
nani atanifagia?"

Kwa katani nikafunga
faili, lote ni unga.
Baba bado ajivunga,
Mama bado "analia".

Nasi, hongo pande mbili,
mimi naye Mwanapili,
twala, tena kwa halali,
vyenye sukari murua.

Na leo Mjomba Hoza
kaja mbio, kauliza:
"Nani wa kunieleza,
ndala imenipotea?"

Dada akavaa tena
miwani mbili za jana,
kanitazama kwa kina,
nami ndala nimevaa.