Mkono Mmoja Mfukoni

Usiku wa Januari, Pernik, ghorofa ya saba.
Theluji imekalia kingo ya dirisha bila kualikwa,
na mama amekilaza kioo cha kompyuta kifudifudi
juu ya taulo, kama mtoto anayekandwa mgongo.
Kisogo chake kimejaa meza nzima.
Mkate na jibini tumevihamishia juu ya friji.

Tangu Jumapili kinaonyesha mstari mmoja tu,
mweupe, mwembamba, katikati ya giza,
dunia yote imebanwa humo kama nguo mlangoni.
"Picha ipo," mama anasema. "Imelala. Haina wa kuiinua."

Anafungua skrubu nne. Ya tano imejificha.
Huwa ipo ya tano.
Ganda linatoka, na vumbi nalo:
sigara za baba kabla hajaacha,
nondo mmoja mkavu,
na kibanio changu cha nywele, chekundu,
ambacho nilichapwa kwa kukipoteza.
"Kumbe nilikuonea," anasema bila kugeuka.
Miaka ishirini na miwili. Msamaha wenyewe ndio huo.
Nautia mfukoni pamoja na kibanio.

Mkono wake wa kushoto nao umo mfukoni, ndiyo sheria:
umeme ukiingilia mkono huu ukatokea huu,
njiani kuna moyo.
Plagi tumeichomoa tangu asubuhi, lakini tyubu haisahau.
Ina kinyongo cha volti elfu kadhaa,
imenyamaza, inangoja kidole.
Bisibisi imefungwa waya, waya umefungwa kwenye fremu,
ncha inapenya chini ya kifuniko cha mpira,
ta!
Cheche ya samawati. Paka yuko chini ya kochi.
"Sasa tunaweza kuzungumza," mama anakiambia kioo.

Miaka kumi na mmoja alilehemu kiwandani
vitu vya watu asiowaona.
Walipofunga, hela hazikuwapo;
kila mfanyakazi akapewa kioo kimoja
badala ya mishahara mitatu.
Wenzake waliviuza siku ileile, wakarudi na sukari.
Radostina wa ghorofa ya pili alikitoa chake matumbo,
akamfanyia mbwa kibanda.
Mama alikibeba hiki mgongoni ngazi zote saba,
lifti mbovu, mimba ya mdogo wangu tumboni,
na hakuna aliyethubutu kumsaidia.
Juzi nilipotaja kumnunulia kipya, chembamba,
alinitazama kama niliyemtukana.
"Wewe, Yordanka, nani hutupa mshahara wake?"

Naangaza tochi. Anavaa miwani juu ya miwani.
Safu ya miguu ya chuma, midogo kama meno ya kitana,
na kuuzunguka mguu wa tatu
ufa wa duara, mwembamba kuliko unywele.
"Huyu hapa."
Lehemu inayeyuka, inang'aa
kama jicho lililotoka kulia.
Moshi wa utomvu wa msonobari unapanda
na kwa muda jikoni kunanuka msitu, si kabichi.

Kisha naleta kioo cha bafuni,
nakishika kioo mbele ya kioo,
ili yeye, akiwa nyuma na bisibisi ya plastiki,
aone anachokifanya mbele.
Plagi.
Kuna mlio mwembamba ambao yeye hausikii tena,
nausikia mimi kwa niaba yake.
"Kinalia?"
"Kinalia."
Mstari unatetemeka, unanenepa,
unafunguka juu na chini
kama kope za mtu aliyeitwa jina lake.

Picha imeinama kidogo, sema kushoto;
katika kioo cha bafuni sijui kushoto ni kwa nani.
Anazungusha, inazidi. Anarudisha.
"Iache," anasema. "Hata jengo letu limeinama."

Ndipo anautoa mkono mfukoni.
Muda wote ule ulikuwa umekunja ngumi.
Anaufungua taratibu, kidole kwa kidole,
kisha ananituma nishushe mkate.