Goti la Nyuma, Kushoto

Lilianza kugonga njia ya Tregaron,
nilipovuka daraja, pale lami ilipobanduka:
ko. Kimya. Kisha ko-ko,
kama mgeni asiye na hakika na mlango.

Gari langu ni la mwaka themanini na tisa,
jeupe hapo zamani, sasa rangi ya maziwa yaliyolala.
Nyuma, ndani ya mablanketi matatu na mikanda ya farasi,
husafiri kinubi changu, nyuzi arubaini na saba,
kwenda harusini, kwenda mazikoni,
kwenda hotelini ambako watu hula bila kusikiliza.
Na kila goti lile lilipogonga
uzi mmoja wa chini, mnene, wa shaba,
uliitika.

Wiki tatu nilijifanya sisikii.
Nilipandisha redio. Nilikwepa mashimo kwa adabu.
Lakini uzi haukwepi: shimo dogo, mnong'ono;
shimo kubwa, nyuzi jirani nazo zikaamka,
nikaingia Lampeter na kwaya mgongoni
isiyojua inaimba nini.

Mabli wa nyumba ya pili
ana miaka kumi na saba, mwaka wa pili chuo cha ufundi,
kofia ya sufu ya timu iliyoshuka daraja.
Alipiga jeki, akaweka vigogo, akatikisa gari kwa bega
kabla ya kuliamini.
Akaingia uvunguni juu ya katoni, nikaona buti tu,
kisha sauti:
"Eluned, shokapu haina kosa.
Kilichokufa ni kinachoishika."

Chumvi ya barabarani,
ile wanayomwaga Januari tusiteleze,
ilikuwa imekula chuma bila meno na bila haraka.
Aligusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama
kama kwenye keki.

Bolti na bushi zilikuwa chanda na pete,
kwa maana mbaya kabisa.
Mafuta usiku kucha. Spana, na bomba juu ya spana.
Moto. Nyundo. Tusi moja la Kiwelisi
ambalo mama yake hajui kwamba analijua.
Bolti ikakatika shingo,
ikabidi itolewe kwa keekee, unga baada ya unga,
saa mbili, mvua ikianza, mimi nikishika tochi
na mwavuli, na ulimi wangu.

Kisha grainda. Alikata kutu
hadi chuma kilipong'aa, akaendelea kidogo:
"Kingo ndizo hudanganya."
Kiolezo cha kiraka alikikata
kwenye boksi la nafaka zangu za asubuhi;
upande mmoja jogoo wa rangi, upande wa pili
hesabu zake za penseli.
Tukafungua betri. Tukafunika bomba la breki
kwa kitambaa kibichi.
"Usitazame," akasema, nikatazama ukutani
kivuli chake cha buluu kikiruka kama samaki.

Mshono haukuwa mzuri. Alijua.
Aliusaga nusu, akaurudia.

Rangi ya zinki, bushi mpya, bolti mpya.
Nikanyoosha mkono nikaze nati, akanizuia:
"Si hewani. Likanyage kwanza chini,
libebe uzito wake, ndipo tukaze.
Ukikaza likining'inia, mpira utajisokota
na mwakani tutakuwa hapa tena."
Tukashusha jeki. Gari likaketi.
Akalala tena kwenye tope, akakaza.

Tulikwenda hadi darajani na kurudi.
Ko haikuja.
Nilisikia badala yake bawaba ya mlango,
kijiko ndani ya kasha, na pumzi yangu.

Pesa alikataa; alisema chuo kitampa alama.
Akaomba agusе kinubi.
Nikafunua blanketi la juu. Akapangusa kidole
kwenye suruali iliyo chafu kuliko kidole,
akachagua uzi ule ule, wa shaba,
akaupiga mara moja, akainamisha sikio.
"Huu umelegea," akasema.

Nikaupima.
Ulikuwa umelegea.