Pengo

Siku ya tatu. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha, hapa Tartu,
na Maimu, aliyezoea kunidakiza,
ananibandika shavuni mfuko wa njegere zilizoganda.
Naandika juu ya bahasha ya bili ya umeme: Uji tena?
Anaandika chini yake,
ingawa yeye hakung'olewa kitu: Tena.

Nasukutua maji ya chumvi. Yanatoka na wekundu hafifu.
Ulimi, mbea asiyekanyika,
unarudi shimoni kila dakika
kupapasa nyuzi za daktari,
kudai kilichokaa pale miaka thelathini
bila shukrani yangu.

Usiku bahasha imejaa pande zote mbili.
Pembeni, kwa herufi ndogo, kuna habari ya mamaye
ambayo kwa mdomo
hatukuwahi kuifikia.

Uvimbe umeshuka. Naweza kusema tangu alasiri.

Sijamwambia.